Chupa kumi na moja kabatini, na mbwa bado ananuka

Swali: Nina mbwa jike wa miaka miwili, kilo 22, mwenye manyoya marefu ya tabaka mbili. Namwogesha kila wiki kwa shampuu ya kuua kupe, na kila mwezi namtilia matone ya kupe shingoni. Hata hivyo kupe wanarudi, viroboto wapo, anajikuna, na siku tatu baada ya kuoga ananuka tena. Kucha zake zinagonga sakafu akitembea. Nimehesabu vitu vyake kabatini, ni kumi na moja: shampuu hiyo ya kupe, shampuu ya mtoto mchanga, matone, mafuta ya mti wa chai, poda, manukato ya mbwa, haidrojeni peroksaidi ya kusafishia masikio, dawa ya kuogeshea ng'ombe niliyopewa na jirani, dawa ya meno tunayotumia sisi wenyewe, na mbili za kulainisha manyoya. Tuna paka pia. Ungekuwa wewe, ungebaki na zipi, na nikanunue nini?

Jibu: Hujapungukiwa vitu. Shida ni kwamba chupa hizo zinapigana zenyewe kwa zenyewe, na uwanja wa vita ni ngozi ya mbwa wako. Nianze na vita hivyo, maana ukivielewa, nusu ya kabati itajiondoa bila kushawishiwa.

Matone ya kupe, yawe ya fipronili au ya permethrini, hufanya kazi juu ya ngozi, si ndani ya damu. Yanayeyuka kwenye mafuta ya asili ya ngozi, kisha kwa siku moja hadi mbili yanatambaa mwili mzima yakibebwa na mafuta hayo. Fipronili hujiweka pia kwenye vitezi vya mafuta, ikawa inatoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Na shampuu kazi yake ni nini? Kuondoa mafuta. Unapomwogesha kila wiki unaisuuza dawa yako pamoja na povu. Ndiyo maana matone mengi huja na agizo la kutomwogesha mbwa saa 48 kabla ya kuyatia na saa 48 baadaye: kabla, ili mafuta ya kuyabeba yawepo, baadaye, ili yapate nafasi ya kuenea.

Shampuu ya kupe yenyewe huua wadudu waliopo mwilini dakika ile ile. Ukishaisuuza, imekwisha. Haiachi kinga. Kupe anayepanda kesho hakuti kitu cha kumzuia. Kwa hiyo wiki nzima mbwa wako analindwa kwa dakika kumi tu, na dakika hizo hizo ndizo zinazoharibu kinga ya mwezi mzima. Juu ya hayo ngozi inabaki kavu, inawasha, anajikuna, na panapokwaruzwa bakteria hupata mlango. Sehemu ya harufu unayoilalamikia inaanzia hapo.

Kwa mbwa mwenye manyoya kama ya wako, ambaye huenda akahitaji kuogeshwa mara kwa mara kwa dawa ya ngozi (nitaieleza), mimi ningeacha matone na kuchukua kidonge cha kutafuna cha jamii ya isoksazolini. Viambato vyake ni afoksolaneri, sarolaneri na lotilaneri, ambavyo hutolewa kila mwezi, au fluralaneri, ambayo kwa kawaida hutolewa kila wiki 12. Dawa inapita kwenye damu, hivyo maji na sabuni haviigusi. Vya kujua ni vitatu. Kupe lazima aume ndipo afe, kwa hiyo utaendelea kuona kupe wachache, ila watakuwa wamekufa au wamelegea. Hiyo si dalili ya dawa kushindwa. Pili, baadhi ya vidonge hivi hupewa pamoja na chakula, na kidonge cha fluralaneri kikitolewa tumbo likiwa tupu hufyonzwa kidogo. Tatu, mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba dawa za jamii hii zinaweza kuleta mitetemeko, kuyumba au degedege kwa baadhi ya wanyama. Mbwa wengi hawapati lolote, lakini kama wako amewahi kuanguka kifafa, mwambie daktari wa mifugo kabla ya kununua, naye atakupa njia nyingine.

Njia hiyo nyingine mara nyingi ni kola yenye imidaklopridi na flumethrini, inayodumu hadi miezi minane. Ni nzuri, lakini hukosewa sana kwenye kuvalisha. Lazima iguse ngozi, si kuelea juu ya manyoya. Kati yake na shingo vipite vidole viwili, na ncha inayobaki ikatwe isije ikatafunwa. Kwa mbwa mwenye manyoya mengi, tenganisha manyoya kuzunguka shingo yote kabla ya kuifunga, vinginevyo unalinda nywele tu. Kuogesha mara nyingi huipunguzia muda. Kola za mlio ambazo eti sikio la binadamu haliusikii ila kupe anaukimbia, ziache dukani. Kupe hakimbii mlio.

Na matone uliyonayo? Yageuze usome kiambato. Kama ni permethrini, yatoke nyumbani leo, kwa sababu ya paka. Ini la paka haliwezi kuivunja permethrini kama la mbwa linavyoweza. Matone ya mbwa mkubwa yakimgusa paka, au akilala ubavuni mwa mbwa aliyetiwa punde, yanaweza kumletea mitetemeko, degedege na kifo. Kama ni fipronili tupu na yanafaa kwa uzito wa kilo 22, unaweza kuyamaliza kabla ya kuhamia kidonge, kwa masharti mawili: huogeshi siku mbili kabla na siku mbili baada, na unatenganisha manyoya mpaka uone ngozi nyeupe, ncha ya kichupa iguse ngozi. Kwenye manyoya marefu kosa la kawaida ni kumwaga dawa juu ya nywele, ikakaukia hapo.

Suala la uzito halina mzaha. Dawa nyingi hugawanywa kwa makundi, mathalani kilo 10 hadi 20, kisha 20 hadi 40, na wako yupo karibu na mpaka. Mpime kila unaponunua: panda mizani umembeba, kisha panda peke yako, toa. Usinunue kipimo cha mbwa mkubwa ukakigawa mara mbili kwa mbwa wadogo. Haikuhakikishwa kwamba dawa imeenea sawasawa ndani ya kidonge, na kichupa nacho hakina alama za kupimia.

Sasa viroboto. Wale wakubwa unaowaona mwilini ni kama asilimia 5 tu ya kundi zima. Waliobaki ni mayai, viluwiluwi na mabundo waliojifungia kwenye vifukofuko, nao wako kwenye kitanda chake, zulia na nyufa za sakafu. Bundo, yaani yule aliye kwenye kifukofuko, hapenyezwi na dawa nyingi za kupulizia, naye anaweza kusubiri miezi. Kwa hiyo endelea na dawa miezi mitatu bila kuruka, fua matandiko kwa maji ya nyuzi 60 kila wiki, na piga vakyumu kila siku mbili tatu chini ya samani alipozoea kulala, kisha mwaga mfuko wa vumbi nje. Paka naye apewe dawa yake, ya paka. Watu wengi huacha baada ya wiki tatu kwa sababu "dawa haifanyi kazi", kumbe viroboto wanaowaona ndio kwanza wanatoka kwenye vifukofuko. Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia hiyo hiyo ya kukaa ndani: jike hushuka, hutaga mayai kwa maelfu kwenye nyufa za ukuta na vibanda, na watoto wake huweza kukaa miezi bila kula.

Kumng'oa kupe aliyekwama, nunua kibano chenye ncha nyembamba au kile kiuma kidogo cha kupe. Kwa kibano, shika karibu kabisa na ngozi, si kwenye tumbo, uvute juu taratibu bila kusokota. Kiuma ndicho kinachozungushwa. Usimpake mafuta ya taa, usimchome kwa kiberiti, usimfunike kwa mafuta mazito. Kupe anayesumbuliwa anaweza kutapika ndani ya jeraha, na matapishi hayo ndiyo yenye vimelea. Kichwa kikibaki, usichimbe kwa sindano. Ngozi itakisukuma nje yenyewe.

Turudi kwenye harufu, kwa kuwa hapa ndipo watu hununua chupa nyingi bila kuuliza inatoka wapi. Mnuse kwa mpangilio: mdomo, sikio moja baada ya jingine, katikati ya vidole, kwapani, chini ya mkia, kisha mgongo. Harufu ya mdomo ni ya meno, haiondoki kwa shampuu. Harufu kali kama samaki aliyeoza karibu na mkia ni ya vifuko viwili vidogo vya tezi vilivyo kando ya njia ya haja kubwa, na dawa yake ni kukamuliwa na mtu anayejua. Harufu nzito ya mafuta yaliyochacha, pamoja na ngozi yenye utando, wekundu au weusi uliokomaa kwapani na katikati ya vidole, mara nyingi ni fangasi wa jamii ya chachu aitwaye Malassezia. Na harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi, ambayo naihisi sana kwa mbwa wako, ni ya manyoya ya ndani kutokauka. Mwenye tabaka mbili anaweza kuonekana mkavu kwa juu na chini akawa amelowa mpaka kesho yake. Unamwogesha kila wiki, kwa hiyo kila wiki unatengeneza unyevu huo upya.

Manukato yatupe. Kumfukizia mbwa anayenuka ni kuifunika dalili, mbali na kwamba pua yake ina uwezo wa kunusa mara nyingi zaidi kuliko yetu na hana pa kuikimbilia.

Ngozi ikiwa na afya, inatosha kumwogesha mbwa huyu kila wiki nne hadi sita. Nunua shampuu moja ya mbwa isiyo na manukato makali. Zile zenye oti iliyosagwa laini humfaa anayewashwa. Shampuu ya mtoto mchanga si sumu, na kwa dharura ya mara moja sina ugomvi nayo, ila imetengenezwa kwa ngozi nyingine. Ngozi yetu ina asidi kidogo, pH karibu na 5.5, ya mbwa iko karibu na katikati, kati ya 6 na 7.5, na tabaka lake la juu ni jembamba kuliko letu. Ukiitumia kila mara, ngozi hukauka.

Kabla ya maji, chana. Fundo la manyoya likilowa hukaza kama kamba iliyofuliwa, na chini yake hubaki sabuni na unyevu. Kisha tumia maji ya vuguvugu, yale ambayo ndani ya kiganja cha mkono hayasikiki moto wala baridi, na umloweshe kwa dakika tatu hadi tano ukipitisha vidole mpaka ngozini. Bila hivyo shampuu inaishia kwenye tabaka la juu. Changanya shampuu nzito kwa maji, sehemu moja kwa tano hadi kumi, kwenye chupa ya kukamulia, isipokuwa lebo ikikataza. Itaenea vizuri na kusuuzika kwa urahisi. Anza na pete ya povu shingoni, maana viroboto wakihisi maji hukimbilia kichwani, kisha shuka nyuma ukifuata mwelekeo wa manyoya. Kusuuza kuchukue mara mbili ya muda wa kupaka. Maji yakitoka safi bila povu, endelea dakika mbili zaidi. Masalia ya shampuu ni chanzo cha mwasho ambacho watu hukisahau. Mkaushe kwa kumkandamiza na taulo la nyuzi laini linalonyonya maji, usimsugue, halafu tumia kikausha nywele kwa moto mdogo, sentimita 20 hadi 30 kutoka mwilini, ukifunua manyoya kwa vidole mpaka ngozi ionekane kavu. Kwa mbwa wa saizi hii hesabu saa nzima. Kama huna saa hiyo leo, usimwogeshe leo.

Jambo moja hapo linahitaji msisitizo. Shampuu uliyoichanganya na maji na ikabaki, imwage. Dawa ya kuzuia kuoza iliyomo imekuwa hafifu, na bakteria aitwaye Pseudomonas huzaana vizuri kwenye chupa kama hiyo. Ukimsugua mbwa nayo kinyume cha manyoya, bakteria huingia kwenye vinyweleo, na siku moja au mbili baadaye anaamka na vipele vyenye maumivu makali mgongoni, amechoka, wakati mwingine ana homa. Wenye mbwa hudhani amejikwaa au anaumwa mgongo. Huyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, na aambiwe kwamba aliogeshwa juzi.

Kama daktari amebandika utepe kwenye ngozi, akaangalia kwa hadubini na kukuta chachu au bakteria, hapo ndipo shampuu ya dawa inapoingia: klorheksidini ya asilimia 2 hadi 4, mara nyingi pamoja na mikonazoli ya asilimia 2. Kosa linalofanya dawa hii ilaumiwe bure ni muda. Lazima ikae mwilini dakika 10, na dakika hizo uzihesabu kwa saa, si kwa kukisia, kuanzia ulipomaliza kupaka. Kwa kawaida hutumiwa mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu au nne, kisha hupunguzwa. Ukiwa umechagua kidonge kwa ajili ya kupe, ratiba hii haitakugombanisha na chochote. Ukiwa umebaki na matone, utarudi pale pale ulipo.

Vya kuchania viwe viwili, na zile mbili za kulainisha manyoya bakisha moja tu, ile isiyoacha mafuta mkononi. Cha kwanza ni reki ya manyoya ya ndani, yenye meno marefu ya chuma yenye ncha butu. Cha pili ni kitana cha chuma chenye meno mapana upande mmoja na membamba upande wa pili. Reki hutoa manyoya yaliyokufa. Kitana ndicho hakimu. Kikipita kutoka ngozini hadi ncha bila kukwama, umemaliza. Kisipopita, ulichofanya ni kulainisha juu tu. Brashi yenye sindano nyingi zilizopinda ni ya tatu, si ya lazima, na ukiikandamiza inachubua. Ijaribu kwanza kwenye mkono wako. Kile chombo chenye wembe mfano wa kiwembe cha kunyolea hutoa manyoya kwa wingi wa kufurahisha macho, lakini hukata pia nywele za juu zinazomkinga na maji na jua. Ukiwa nacho, kisizidi dakika kumi kwa wiki.

Gawanya manyoya kwa mistari, ukianzia chini kwenda juu, mara mbili au tatu kwa wiki. Mafundo huanzia nyuma ya masikio, kwapani, kinenani na nyuma ya mapaja. Fundo lishike kwenye shina ili usivute ngozi, nyunyiza wanga wa mahindi kidogo, ulifungue kwa vidole, kisha kwa ncha ya kitana kutoka nje kuja ndani. Lisipofunguka, pitisha kitana kati ya fundo na ngozi na ukate juu ya kitana. Kamwe usielekeze mkasi ngozini: fundo huinua ngozi ndani yake, na mtu hujikuta amekata kipande cha mbwa. Na asikushawishi mtu kumnyoa upara kwa sababu ya joto. Tabaka la ndani likichanwa, hewa hupita na ngozi hupumua. Likinyolewa, ngozi hubaki wazi kwa jua, na kwa baadhi ya mbwa manyoya hurudi kwa mabaka au hukawia sana kurudi.

Poda unaweza kuitoa bila majuto. Inaingia mapafuni mwenu wote wawili, na kwenye mkunjo wenye unyevu inageuka kuwa ugali.

Masikio. Haidrojeni peroksaidi inachoma ngozi iliyovimba na huacha maji ndani ya sikio ambalo shida yake tayari ni maji. Nunua kisafishio cha masikio ya mbwa chenye kiambato cha kukausha. Mfereji wa sikio la mbwa unashuka wima, kisha unakata kona kwenda ndani kama herufi L, ndiyo maana kijiti cha pamba husukuma nta kwenye kona badala ya kuitoa. Jaza mfereji, kanda shina la sikio kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka usikie mlio wa majimaji, mwachie ajikung'ute, kisha futa kile unachokifikia kwa kidole kilichovikwa pamba. Fanya hivyo baada ya kuoga au kuogelea, na vinginevyo pale tu panapoonekana uchafu. Sikio safi likisafishwa kila siku huwashwa. Akiinamisha kichwa upande mmoja, akilia ukimgusa, au ukiona uchafu mweusi au usaha, usitie kitu chochote kabla daktari hajachungulia, kwani ngoma ya sikio inaweza kuwa imetoboka, na uchafu huo huo ndio atakaoupima.

Kucha zinazogonga sakafu ni ndefu, na zinambadilishia namna ya kukanyaga. Kwa kilo 22 chukua mkasi wa kucha wa aina ya koleo, wenye makali mawili yanayokutana. Ule wa kitundu chenye wembe mmoja hubana ukucha mnene kabla ya kuukata, na mkasi butu wa aina yoyote hufanya vivyo hivyo. Mbwa wengi "wanaochukia kukatwa kucha" wanachukia kubanwa. Kata milimita moja hadi mbili tu kila mara, ukiangalia uso uliokatwa. Kwenye ukucha mweusi utaona kwanza unga mweupe mkavu, kisha katikati kinatokea kiduara cheusi chenye unyevu. Hapo simama, nyama hai iko nyuma yake. Rudia kila wiki mbili. Nyama hiyo hurudi nyuma taratibu ukucha unapofupishwa mara kwa mara, ndiyo maana huwezi kuzimaliza siku moja lakini unaweza ndani ya miezi miwili au mitatu. Usisahau ukucha wa ndani ulio juu ya mguu: haugusi ardhi, haujisagi, na unaweza kujikunja ukaingia kwenye nyama.

Ukipenda mashine ya kusaga kucha, gusa sekunde moja au mbili na uondoe, kwani inapasha joto. Kwa mwenye manyoya marefu kuna hatari ya nywele kusokotwa na kichwa kinachozunguka. Dawa ni soksi ndefu nyembamba ya zamani: mvishe mguuni, toboa kucha zitokeze, nywele zibaki ndani. Pembeni weka unga wa kugandisha damu. Ukikata nyama, kandamiza unga huo kwa dakika mbili au tatu bila kuchungulia kila baada ya sekunde tano. Wanga wa mahindi unasaidia ukikosa. Damu ikiendelea zaidi ya dakika 15, piga simu kwa daktari.

Dawa ya meno yenu irudi kwenye bafu lenu. Mbwa hajui kutema, na nyingi zina floraidi, nyingine zailitoli, sukari mbadala inayoshusha sukari ya damu ya mbwa kwa kishindo. Kiasi cha gramu 0.1 kwa kilo kinatosha kuleta shida, yaani gramu 2.2 kwa mbwa wako, na kiasi kikubwa zaidi huweza kuharibu ini. Nunua ya mbwa yenye vimeng'enya, na mswaki laini. Utando laini wa ukoga huanza kukomaa kuwa ugaga mgumu ndani ya siku mbili au tatu. Hapo ndipo ratiba inapotoka: kila siku ni bora, mara tatu kwa wiki ni kiwango cha chini kabisa, mara moja kwa wiki ni kujifurahisha. Kiasi cha punje ya njegere, upande wa nje wa meno tu, hasa yale makubwa ya nyuma juu. Wiki ya kwanza mlambishe dawa kwenye kidole, asione mswaki. Ugaga ukishakuwa mgumu, hauondoki kwa mswaki wala kwa kuukwangua nyumbani. Ukikwangua unaacha mikwaruzo inayoshika ukoga zaidi.

Vitafunwa vya kusafisha meno vichague kwa muhuri wa VOHC, baraza la madaktari wa mifugo linalokagua kama kweli vinapunguza ukoga au ugaga. Kipimo cha kitu chochote cha kutafuna ni ukucha wako wa dole gumba: ukibonyeza na hakibonyei hata kidogo, kinaweza kulivunja jino kubwa la juu. Mifupa iliyopikwa, pembe na kwato zote hushindwa kipimo hicho.

Bakuli liwe la chuma kisicho na kutu, lioshwe kila siku. Basi.

Mafuta ya mti wa chai na dawa ya ng'ombe nimeviacha mwisho kwa sababu ndivyo vinavyoweza kumuua. Mafuta halisi ya asilimia 100, hata kiasi kidogo kikipakwa mgongoni, hupita ngozini na kumfanya adhoofike, ayumbe na kutetemeka ndani ya saa chache, na paka ni dhaifu zaidi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe mara nyingi ni amitrazi au dawa nyingine iliyokolezwa kwa ajili ya mnyama wa mamia ya kilo. Amitrazi ikizidi, mbwa husinzia, moyo hupiga polepole, joto la mwili hushuka na sukari ya damu hupanda, na anaendelea kuinyonya kila anapojilamba. Kama umewahi kumpaka na akawa mzito wa kuamka, mwoshe kwa sabuni ya vyombo, mkaushe, mweke kwenye joto na umkimbize kwa daktari ukiwa na chupa mkononi ili lebo isomwe.

Chupa hizo, pamoja na shampuu ya kupe na matone kama ni ya permethrini, usizimwage chooni wala kwenye mtaro, kwa kuwa dawa hizi huua samaki na wadudu wa majini hata zikiwa zimechanganyika na maji mengi. Zifunge vizuri, zipeleke kwa daktari wa mifugo au duka la dawa za mifugo wanakopokea mabaki ya sumu, na chupa tupu isipewe kazi nyingine nyumbani.